Lenzi kuukuu iliyogeuka manjano hurejeshwa kwa jua

Anayerithi kamera ya filamu ya miaka ya 1960 au 1970 mjini Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale, huenda akaichungulia lenzi yake na kukuta rangi mithili ya chai isiyotiwa maziwa. Wengi hudhani kioo kimeoza, wakaiuza kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo si ya lazima.

Enzi hizo watengenezaji kadhaa, wakiwamo Asahi wa Japani katika baadhi ya lenzi zao za Takumar, walitia oksidi ya thoriamu katika kioo ili kipinde nuru zaidi bila kuzitawanya mno rangi zake. Thoriamu hutoa mionzi polepole ajabu; huchukua takriban miaka bilioni 14 kupungua kwa nusu. Mionzi hiyo hung'oa elektroni, nazo hunaswa katika kasoro ndogondogo za kioo na kuanza kufyonza nuru ya buluu. Kinachopita huonekana manjano, na picha za rangi hutoka hivyo hivyo. Picha nyeusi na nyeupe haziathiriki sana. Wapiga picha wa zamani walivalisha lenzi kichujio cha manjano makusudi, mawingu yajitokeze.

Miale ya urujuanimno huzipa elektroni hizo nguvu ya kujinasua. Kiminini imejaliwa miale hiyo: Ikweta iko takriban kilomita 100 tu kusini, na nyanda za Trans Nzoia zimeinuka, ilhali miale huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 katika kila mita 1,000 za mwinuko.

Hata hivyo, lenzi iliyoachwa juani hukusanya nuru na yaweza kuwasha pazia au meza. Basi iwekwe juu ya saruji, upande mmoja ukifunikwa kwa karatasi ya alumini ya jikoni, wa pili ukabili jua. Ikipata joto la kuchoma mkono iondolewe, kwani grisi ya ndani huyeyuka na kuenea. Kazi huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Nyuma ya dirisha huchukua muda zaidi.

Kuipigia picha hakuna hatari kubwa. Lisilofaa ni kuisaga, kuivunja au kuifanya kioo cha kukuzia, jicho likiwa limeigusa.

Utando kama wa buibui ndani ya lenzi ni kuvu, na alama zake kiooni hazifutwi na jua; hiyo ni kazi ya fundi. Umanjano nao, kwa kuwa thoriamu ingalimo, hurudi baada ya miaka, na lenzi ikahitaji kuanikwa tena.