Mtambo wa Mtoni Umezeeka: Ukarabatiwe au Uzimwe?

Septemba 2018, tume inayodhibiti nishati ya serikali kuu ya Marekani iliifutia leseni kampuni iliyokuwa ikiendesha mtambo wa umeme wa maji wa Edenville, katika jimbo la Michigan. Mtambo ulikuwa mdogo, megawati 4.8, na bwawa lake lilijengwa miaka ya 1920. Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa imeagizwa kupanua njia ya kutolea maji ya mafuriko, na haikufanya hivyo. Mashine zikazimwa, mapato ya umeme yakakatika, lakini tuta la udongo lilibaki pale pale, likizuia ziwa zima.

Tarehe 19 Mei 2020, baada ya mvua kubwa, tuta lilimeguka. Maji yaliteremka na kulivunja pia bwawa la Sanford lililo chini yake, na watu zaidi ya 10,000 wakalazimika kuhama makwao. Hakuna aliyepoteza maisha.

Kisa hicho kinawahusu madiwani wote ambao mji wao unamiliki mtambo mdogo uliozeeka. Mjadala mara nyingi huanzia kwenye mashine: zinaingiza fedha au zinakula fedha? Kumbe mashine ndiyo sehemu nyepesi. Turbaini iliyolika hubadilishwa, na nyaya za jenereta husukwa upya. Uzito uko kwenye bwawa, ambalo linahitaji ukaguzi na matengenezo hata siku ambayo halitoi wati moja.

Umeme wenyewe hukadiriwa kwa hesabu rahisi. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka kutoka kimo cha mita 10, hutoa takribani kilowati 80. Kwa hiyo mto wa tambarare, wenye kimo kidogo, hauwezi kutoa umeme mwingi hata ukiwekewa mashine mpya kabisa. Mafuriko nayo hayapimwi kwa ukubwa wa mtambo. Yanategemea eneo lote la ardhi linalomwaga maji yake mtoni, hivyo bwawa la kilowati mia chache linaweza kudai njia ya mafuriko pana sawa na ya bwawa la megawati kadhaa lililo kwenye mto huohuo. Hapo ndipo mitambo midogo hushindwa kujilipia.

Augusta, makao makuu ya jimbo la Maine, walikutana na hesabu hiyo kwenye Bwawa la Edwards. Lilijengwa mwaka 1837 katika Mto Kennebec, likaendesha viwanda, na baadaye likawa na mtambo wa megawati 3.5, sehemu ndogo mno ya umeme wa jimbo. Mji ulikuwa mshirika katika leseni. Lakini bwawa lilikuwa limewafungia njia samaki wanaotoka baharini kwenda kuzaa mtoni, na kuwajengea njia ya kupita kungegharimu zaidi kuliko kulibomoa. Mwaka 1997 tume ilikataa kuhuisha leseni na kuagiza bwawa liondolewe, jambo ambalo haikuwahi kumlazimisha mmiliki kabla ya hapo. Bwawa lilianza kubomolewa Julai 1999, na takribani kilomita 27 za mto hadi Waterville zikafunguka. Gharama hazikuwaangukia wakazi wa Augusta: zilibebwa na kiwanda cha meli cha Bath Iron Works pamoja na wamiliki wa mabwawa ya juu, kwa makubaliano yaliyowapa nao nafuu katika masharti yao.

Ann Arbor, huko Michigan, waliamua kinyume chake, nao walikuwa na sababu nzito. Mji ulinunua mabwawa manne ya Mto Huron kutoka kampuni ya Detroit Edison mwaka 1963, na katika miaka ya 1980 ukarudisha mitambo ya umeme kwenye mawili: Barton, kilowati 900, na Superior, kilowati 570. Kwa umeme peke yake Barton lingekuwa na utetezi hafifu. Lakini maji yanayokusanyika nyuma yake ndiyo chanzo kikuu cha maji ya kunywa ya mji. Bwawa lazima litunzwe, umeme uwepo au usiwepo, na kila kilowati-saa inayouzwa hupunguza bili ya kulitunza.

Kilomita chache chini ya hapo, kwenye mto huohuo, bwawa la Peninsular Paper mjini Ypsilanti lilikuwa halizalishi umeme kwa miongo kadhaa, na mji haukulitegemea kwa maji. Mwaka 2019 madiwani waliamua liondolewe.

Ipo pia njia ya kujenga upya. Tanzania ilifanya hivyo kwenye Maporomoko ya Pangani: kituo cha mwaka 1936, chenye megawati 17.5, kilifuatwa mwaka 1995 na kituo kipya cha megawati 68 kwenye maporomoko hayohayo. Hilo liliwezekana kwa sababu kimo kikubwa cha maporomoko kilikuwapo tayari. Ann Arbor, wenye mto wa tambarare, hawawezi kuiga.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga kura, wananchi wana haki ya kudai gharama za njia zote nne: kuendelea kuzalisha, kujenga upya, kubomoa, na kuzima mashine huku bwawa likiachwa limesimama. Hii ya mwisho huonekana nafuu kwa sababu siku ya kura hailipiwi chochote. Ikichaguliwa, azimio hilohilo litaje mhandisi atakayekagua bwawa kila mwaka na fungu la bajeti litakalomlipa.