Unamwagilia kila siku, mbona miche inanyauka?

Kiangazi hiki swali ni moja tu: "Bwana shamba, namwagilia kila asubuhi, mbona miche ya kahawa inanyauka?" Chana kiriba kimoja uone. Mara nyingi juu kumelowa kidogo, katikati ni vumbi. Maji yamepita pembeni kwenye nailoni yakatokea chini, na miezi yako ya kitalu inaondoka nayo.

Nafasi ndogo ndani ya udongo hufanya kazi kama mirija. Mrija msafi huvuta maji wenyewe: wenye upana wa milimita 1 huyapandisha kama sentimita 3, wa milimita 0.1 kama sentimita 30. Shida ni kwamba samadi na mboji vikikauka mno, vitu vya nta hujipaka kwenye kuta za mirija hiyo. Maji na nta haviivi, angalia tone linavyoteleza kwenye jani la gimbi.

Sasa hesabu. Chukulia kuta zenye nta husukuma maji nje kwa theluthi ya nguvu ambayo kuta safi huvutia. Nusu ya ukuta ikiwa nta, mvuto unabaki theluthi. Robo tatu ikiwa nta, mvuto ni sifuri, maji yanasimama mlangoni. Edward Washburn, Mmarekani, alionyesha mwaka 1921 kwamba mvuto ukishuka hadi theluthi, maji huchukua muda mara tatu kufika umbali uleule. Tena umbali ukiwa mara mbili, muda ni mara nne! Wewe umemwaga kopo kwa sekunde mbili ukaondoka.

Na hiyo ni pale nta ilipochanganyika sawasawa. Ikizunguka mrija kama pete, maji hukwama hapo hata kama mbele ni safi.

Pima hivi: dondosha tone kwenye udongo mkavu wa kiriba. Likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo unakataa maji. Mwagilia kidogo, subiri, rudia mara mbili tatu. Vilivyokauka kabisa vizamishe kwenye karai hadi mapovu yaishe. Huku Shighatini, maji ya zamu yakifika, jaza pipa kabisa ili viriba visikauke kabla ya zamu nyingine. Msimu ujao ongeza udongo wa mfinyanzi kidogo kwenye mchanganyiko, hasa kama samadi yako ni nyingi.