Joto la ghalani: mpoze mgonjwa kwanza, ndipo umsafirishe

Kati ya Februari na Machi, upepo wa kaskazi unapotulia na masika hayajafika, joto la Diani, Ukunda na Msambweni hufikia nyuzi 32 au 33. Wengi husema, "Sisi ni watu wa Pwani, tumelizoea." Lakini mazoea yana mpaka wake, hasa kwa hamali anayebeba magunia ya saruji au mahindi ndani ya ghala la mabati lisilopitisha hewa.

Mwili hujipoza kwa jasho. Hata hivyo, jasho linalotiririka halisaidii; linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, hivyo jasho hukawia kukauka. Paa la bati huongeza joto, na misuli inayobeba mzigo huzalisha jingine.

Dalili za mwanzo ni kukakamaa kwa misuli, kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mtu huyo akae kivulini, anywe maji, na siku hiyo asirudi kazini. Lakini akianza kuropoka, kupepesuka au kuzimia, maisha yake yamo hatarini. Joto la mwili huenda limefika nyuzi 40 au zaidi. Usihadaike kwa sababu bado anatoka jasho, wala usiseme ni malaria ukampa dawa ya homa: dawa hiyo haishushi joto la aina hii.

Mmoja atafute gari. Wengine wamvue nguo nzito, wammwagie maji mwili mzima bila kukoma, na wampepee. Barafu ikipatikana, iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Kutoka Lunga Lunga hadi hospitali ya rufaa ya Msambweni ni mwendo, na ubongo haungoji. Aliyezimia asinyweshwe chochote.

Je, tujikinge vipi? Kila baada ya dakika 20, mfanyakazi anywe kikombe cha maji bila kungoja kiu. Aliye mgeni kazini, siku ya kwanza afanye sehemu ya tano tu ya kazi ya kawaida, kisha aongezewe kidogo kidogo; mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Vivyo hivyo kwa aliyetoka likizo au kuugua. Malori yapakuliwe alfajiri. Mwezi wa Ramadhani, kazi nzito ihamishiwe usiku baada ya futari. Na anayekunywa mnazi jioni akumbuke kwamba huenda akaamka mwili umeshapungukiwa maji.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe maji safi ya kunywa na kuhakikisha hewa inapita. Hiyo si hisani. Lakini hamali anayelipwa kwa gunia hatasimama kunywa maji ikiwa kusimama kunampunguzia ujira. Waajiri, yalipieni mapumziko hayo. Dakika chache za kivuli ni nafuu kuliko mazishi.