Jina, Anwani na Sanduku: Hitilafu za Masanduku Mapya ya Barua Pepe

Katika miji mingi ya Tanzania, mtu aandikiwaye kwa njia ya posta hupelekewa barua yake sandukuni, wala si mlangoni kwake. Juu ya bahasha huandikwa jina la mtu, kisha S.L.P. na namba, kisha mji, uwe Njombe ama Makambako. Sanduku moja laweza kuwatumikia walimu wa shule nzima au jamaa wa ukoo mmoja. Kwa hiyo mwenye kuzoea S.L.P. hufahamu bila ya kufundishwa kwamba jina ni kitu kimoja, anwani ni kitu cha pili, na sanduku ni kitu cha tatu. Mwaka 2012 Njombe ilipomegwa kutoka Mkoa wa Iringa na kuwa mkoa, waliozoea kutaja mkoa katika anwani zao walibadili maneno, lakini masanduku ya posta hayakuhama.

Ufahamu huu wastahili kukumbukwa katika habari ya barua pepe. Alama ya @, iliyochaguliwa na Ray Tomlinson mwaka 1971, hutenga jina la mwandikiwa na jina la mahali pa kupokelea, ambalo kwa Kiswahili huitwa kikoa. Sanduku lenyewe halionekani katika anwani. Limo ndani ya seva, yaani kompyuta itunzayo barua za wote. Lakini katika mazungumzo ya ofisini neno moja, imeili, hubebeshwa mzigo wote. Mtu husema "nipe imeili yako" akitaka anwani, "nimepata imeili" akitaja barua, na "imeili yangu imejaa" akitaja sanduku. Katika maongezi ya kawaida hapana dhara, maana wasikilizaji huelewa kwa mazingira. Dhara huja siku sanduku jipya linapokosa kupokea, na fundi akaambiwa tu, "Imeili haifanyi kazi."

Ichukuliwe mathalani kampuni ya kubuni iuzayo mbao, yenye makao makuu Njombe na ghala Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu iendayo Tunduma, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Kati ya miji hiyo miwili pana yapata kilomita 60. Kampuni hutumia seva ya Microsoft Exchange, na majina ya wafanyakazi huandikwa katika daftari liitwalo Active Directory. Karani mpya ameajiriwa Makambako. Mteja amwandikia kuagiza mbao, na barua yarudishwa. Mteja adhani kwamba karani huyo hayupo. Karani naye hana habari kwamba ameandikiwa. Biashara yapotea pasipo mtu kukosa adabu wala kuzembea.

Hitilafu ya kwanza ni ya jina lisilo na sanduku. Fundi amemwandika karani katika daftari, akampa na nywila, na karani aweza kuifungua kompyuta yake. Lakini hakuna aliyeiamuru seva impe sanduku. Barua hurudishwa ikiwa na namba 550 au 5.1.1, maana yake mwandikiwa hajulikani. Dawa ni kumpa sanduku. Hata hivyo yapasa kutofautisha hali hii na nyingine inayofanana nayo: sanduku limekwisha kuamriwa, ila seva hailiumbi ghalani mpaka barua ya kwanza ifike au mwenyewe aingie kwa mara ya kwanza. Fundi alitafutaye mapema hulikosa, akadhani kazi imeharibika. Hapo hakuna kilichoharibika. Barua fupi ya kumkaribisha mgeni yatosha kuliumba.

Hitilafu ya pili ni ya habari isiyoenea. Kampuni yenye ofisi mbili huweza kuweka nakala ya daftari katika kila mji. Jina likiandikwa Njombe, nakala ya Makambako haipati habari papo hapo. Kwa desturi ya Active Directory, nakala za mahali mbalimbali hupashana habari kila baada ya dakika 180, isipokuwa msimamizi amepanga vingine. Katika saa hizo tatu karani yupo Njombe, lakini Makambako, alikoketi, hajulikani. Afutaye na kuandika upya kwa pupa huongeza tatizo. Yafaa angoje, au aziamuru nakala zipashane habari mara moja.

Hitilafu ya tatu huzaliwa na pupa hiyo hiyo. Jina likifutwa na kuandikwa tena, kwa macho ya watu ni lile lile, bali kwa seva ni mtu mwingine. Programu ya Outlook hukumbuka anwani za wenzi wa ofisini si kwa herufi zionekanazo tu, bali kwa alama ya ndani ambayo sanduku la kwanza lilipewa. Mwenzake aliyekwisha kumwandikia huchagua jina lililokumbukwa, na barua hurudishwa. Mteja wa nje aandikaye anwani kwa herufi zake hufanikiwa. Dawa ni kufuta kumbukumbu hiyo kwa kila mwandikaji, au kuliongezea sanduku jipya ile alama ya zamani. Na kama sanduku la kwanza lilikuwa na barua, seva hulihifadhi kwa kawaida siku 30 kabla ya kuliangamiza, hivyo laweza kurejeshwa.

Yafaa pia kusoma namba za jibu kwa uangalifu. Zianzazo na 4 maana yake ni kizuizi cha muda: seva ya mpelekaji itajaribu tena, na kanuni za mtandao hushauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Zianzazo na 5 maana yake ni katazo. Kiswahili kina maneno tayari: ya kwanza imecheleweshwa, ya pili imerudishwa. Kuziita zote mbili "imegoma" ni kumnyima fundi nusu ya habari.

Kwa watunga istilahi funzo ni hili. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, maneno ya kompyuta yameongezeka, na mara kwa mara visawe hushindana. Haidhuru kitu kimoja kikiwa na maneno mawili. Lidhurulo ni vitu vitatu kushirikiana neno moja. Sanduku libaki kwa ghala zima la mtu, kikasha kwa sehemu zinamoingia barua mpya, anwani kwa maandishi, na jina kwa mtu aliyemo daftarini. Hapo karani wa Makambako akipiga simu Njombe aweza kusema, "Jina langu limo, anwani ni sahihi, lakini sanduku sina," na fundi akajua pa kuanzia.