Sheria Ipi Inayohesabu Muda? Ukomo wa Madai dhidi ya Kampuni za Ulaya katika Sheria Binafsi ya Kimataifa ya Umoja wa Ulaya, 2019–2025

Utangulizi

Tarehe 11 Septemba 2012 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistani, na kuua zaidi ya watu 250. Mnunuzi mkuu wa nguo za kiwanda hicho alikuwa KiK, kampuni ya Ujerumani inayouza mavazi ya bei nafuu. Mwaka 2015 wadai wanne, akiwamo manusura mmoja na ndugu wa marehemu, walifungua shauri dhidi ya KiK katika Mahakama ya Mkoa ya Dortmund. Mahakama ilikubali kuwa ina mamlaka ya kulisikiliza, na mwaka 2016 ikawapa wadai msaada wa gharama za kesi. Hata hivyo, tarehe 10 Januari 2019 ililitupa shauri lao bila kutamka lolote juu ya swali kuu, yaani iwapo mnunuzi wa Ulaya ana wajibu wa kisheria kwa wafanyakazi wa kiwanda kinachomzalishia bidhaa. Sababu ilikuwa moja tu: kwa sheria ya Pakistani, muda wa kudai ulikuwa umekwisha.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu madai ya aina hii umeelemea zaidi kwenye mamlaka ya mahakama, yaani iwapo mdai kutoka Afrika au Asia anaweza kuingia katika mahakama ya Ulaya. Makala haya yanashikilia kwamba, ndani ya Umoja wa Ulaya, swali hilo limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa, na kwamba hatima ya mdai inaamuliwa na uteuzi wa sheria itakayotumika, hususan sheria itakayohesabu muda wa ukomo. Agizo la mwaka 2024 lilijaribu kurekebisha hali hiyo, na marekebisho yaliyofuata mwaka 2025 yakaliondoa jaribio hilo kabla halijatekelezwa. Matokeo yake kwa mdai kutoka Afrika Mashariki ni makubwa kuliko yanavyoelezwa kwa kawaida.

Mamlaka ya mahakama

Suala hili halihitaji maelezo marefu. Ibara ya 4 ya Kanuni ya Brussels I iliyorejewa (Kanuni Na. 1215/2012) inasema kwamba mtu mwenye makazi katika nchi mwanachama ashtakiwe katika nchi hiyo, bila kujali uraia wake. Kwa kampuni, Ibara ya 63 inaeleza kwamba makazi ni mahali penye ofisi iliyosajiliwa, au uongozi mkuu, au kituo kikuu cha shughuli. Katika shauri la Owusu la tarehe 1 Machi 2005, lililotokana na ajali iliyompata Mwingereza huko Jamaika, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mahakama yenye mamlaka chini ya kanuni hiyo haiwezi kuyakataa kwa hoja kwamba mahakama ya nchi nyingine, hata isiyo mwanachama, inafaa zaidi. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja huo, imerudia kanuni yake ya zamani ya kupima mahakama inayofaa zaidi. Kwa hiyo mashauri ya London, ambayo mawakili wa Afrika Mashariki wameyazoea zaidi, hayawezi tena kuchukuliwa kuwa kielelezo cha yale ya Paris, The Hague au Dortmund.

Sheria ya mahali yalipotokea madhara

Mahakama ikishajiridhisha kuwa ina mamlaka, inaigeukia Kanuni ya Roma II (Na. 864/2007), inayohusu wajibu usiotokana na mkataba na ambayo hutumika kwa matukio ya kuanzia tarehe 11 Januari 2009. Ibara ya 4(1) inaelekeza kwamba sheria itakayotumika ni ya nchi ambamo madhara yametokea, si ya nchi ambamo uamuzi uliosababisha madhara ulifanywa. Mfanyakazi aliyeungua Karachi anatawaliwa na sheria ya Pakistani, ingawa masharti ya bei na ya muda wa kukabidhi bidhaa yaliandikwa Ujerumani. Zipo njia chache za kutoka katika kanuni hii. Ibara ya 7 inampa mdai wa madhara ya mazingira haki ya kuchagua sheria ya nchi ambamo tukio lililosababisha madhara lilitokea. Ibara ya 14 inaruhusu pande zote mbili kuchagua sheria baada ya tukio. Ibara ya 16 inaihifadhia mahakama nafasi ya kutumia masharti ya lazima ya nchi yake yenyewe, yale yasiyoweza kupishana na sheria ya kigeni.

Ibara ya 15(h) ndiyo iliyowaangusha wadai wa Karachi. Inasema kwamba sheria iliyoteuliwa hutawala pia ukomo wa muda, ukiwamo mwanzo wake, kukatizwa kwake na kusimama kwake. Katika shauri hilo pande mbili zilikuwa zimefikia makubaliano kwamba kampuni isingetumia hoja ya ukomo wakati mazungumzo ya fidia yakiendelea. Katika sheria ya Ujerumani makubaliano ya namna hiyo ni jambo la kawaida, kwa kuwa ukomo ni utetezi wa mdaiwa na mdaiwa anaweza kuuacha. Katika sheria ya Pakistani, iliyorithi mfumo wa Kiingereza wa India ya kikoloni, ukomo ni amri kwa mahakama yenyewe, na pande mbili haziwezi kuusamehe. Mahakama ya Rufani ya Hamm, ilipoombwa mwaka 2019 kuwapa wadai msaada wa gharama za rufaa, haikuyaona makubaliano yale kuwa ni uchaguzi wa sheria ya Ujerumani chini ya Ibara ya 14. Kwa maneno mengine, wadai walisubiri wakiamini ahadi ambayo sheria yao wenyewe haikuitambua.

Haitakuwa haki kudai kwamba sheria ya mahali pa madhara humwumiza mdai nyakati zote. Tarehe 29 Januari 2021 Mahakama ya Rufani ya The Hague iliwapa ushindi wakulima wa Nigeria dhidi ya kampuni tanzu ya Shell kuhusu uvujaji wa mafuta katika Delta ya Niger, na ilifanya hivyo kwa kutumia sheria ya Nigeria, ambayo kwa uvujaji wa bomba haimtaki mdai athibitishe uzembe. Hivyo basi, hoja haihusu ubora wa sheria ya Afrika kwa ujumla wake. Hoja inahusu kipengele kimoja ndani yake ambacho kina uwezo wa kulimaliza shauri kabla halijaanza.

Ibara ya 29 na kufutwa kwa aya ya 7

Agizo (EU) 2024/1760 la tarehe 13 Juni 2024, kuhusu uangalifu wa kampuni katika haki za binadamu na mazingira, lilitungwa huku mazingira hayo yakijulikana. Tofauti na Kanuni, ambayo hutumika moja kwa moja, Agizo huzitaka nchi wanachama zitunge sheria zake ili kulitekeleza. Ibara ya 29 ilizitaka ziweke dhima ya kiraia kwa kampuni iliyoshindwa, kwa makusudi au kwa uzembe, kuzuia au kukomesha madhara katika mnyororo wake wa shughuli. Aya ya 3(a) iliweka ukomo usiopungua miaka mitano, usioanza kuhesabiwa kabla ukiukaji haujakoma na kabla mdai hajajua, au hajapaswa kujua, kitendo, madhara na mhusika. Kisha ikafuata aya ya 7, fupi kuliko nyingine nyingi: sheria za utekelezaji wa ibara hiyo zitakuwa masharti ya lazima pale sheria iliyoteuliwa si ya nchi mwanachama.

Aya hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito wote. Bila aya ya 7, mdai aliyeumia Karachi au Hoima angerudishwa na Roma II kwenye sheria ya kwao, na dhima yote iliyoelezwa katika aya zilizotangulia ingebaki kwa manufaa ya watu walioumia ndani ya Ulaya, ambao si walengwa wakuu wa Agizo lenyewe.

Tarehe 26 Februari 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kupunguza masharti ya Agizo hilo, na Aprili mwaka huohuo Agizo (EU) 2025/794 likasogeza mbele tarehe za utekelezaji. Katika Ibara ya 29, Tume ilipendekeza kufuta aya ya 1 inayoweka dhima, kipengele cha 3(d) kinachoruhusu vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia kuwawakilisha waathirika, na aya ya 7. Makubaliano ya Baraza na Bunge la Ulaya ya Desemba 2025 yaliendelea na msimamo wa kuondoa dhima ya pamoja ya kiraia, na yakaibakiza sheria kwa kampuni zenye waajiriwa zaidi ya 5,000 na mapato ya zaidi ya euro bilioni 1.5, badala ya waajiriwa 1,000 na euro milioni 450 za awali.

Inafaa kutua hapa kidogo. Kipengele cha ukomo wa miaka mitano hakikuwamo miongoni mwa vile ambavyo Tume ilipendekeza kuvifuta. Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba mdai amebakiwa na angalau ulinzi huo. Lakini kipengele hicho ni sehemu ya sheria ya nchi mwanachama, nayo Ibara ya 15(h) ya Roma II inasema ukomo hufuata sheria iliyoteuliwa. Aya ya 7 ilikuwa daraja baina ya hayo mawili, na daraja hilo limebomolewa.

Je, mahakama haiwezi kulijenga upya?

Inaweza kudaiwa kwamba jaji bado ana Ibara ya 16 ya Roma II, na kwamba anaweza mwenyewe kuutangaza ukomo wa nchi yake kuwa sharti la lazima. Maamuzi ya Mahakama ya Haki hayatoi matumaini makubwa. Katika shauri la Da Silva Martins (C-149/18) la tarehe 31 Januari 2019, ajali ya gari ilitokea Hispania, ambako ukomo ulikuwa mwaka mmoja, nalo shauri likafunguliwa Ureno, ambako ni miaka mitatu. Mahakama ilisema kwamba kanuni ya ukomo haiwezi kuwa sharti la lazima isipokuwa uchambuzi wa kina wa maneno yake, muundo wake na malengo yake uoneshe kuwa ina umuhimu wa kiwango cha kuhalalisha kuiacha sheria iliyoteuliwa. Tarehe 5 Septemba 2024, katika shauri la HUK-COBURG (C-86/23) lililohusu fidia ya majonzi kwa wazazi wa Kibulgaria waliofiwa na binti yao katika ajali iliyotokea Ujerumani, kipimo kiliongezewa uzito: lazima pawe na uhusiano wa karibu wa kutosha na nchi ya mahakama, na lengo la sharti liwe haliwezi kufikiwa kwa kutumia sheria iliyoteuliwa.

Jaji wa Paris au Dortmund atakayejaribu njia hiyo baada ya 2025 atakabiliwa na hoja nzito zaidi: mtunga sheria wa Ulaya aliwahi kuandika sharti la lazima, kisha akalifuta kwa makusudi. Ni vigumu kuona jinsi jaji atakavyodai kuwa ni la msingi kwa jamii jambo ambalo wawakilishi wa jamii hiyo wameliondoa.

Sheria ya Tanzania mbele ya jaji wa Ulaya

Suala hili si la kinadharia kwa Afrika Mashariki. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mbia wake mkuu ni TotalEnergies ya Ufaransa. Shauri la kwanza la mwaka 2019, lililofunguliwa kwa Sheria ya Ufaransa ya tarehe 27 Machi 2017 kuhusu wajibu wa uangalifu, lilitupwa tarehe 28 Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu. Lilihusu hatua za kinga. Lililofuata Juni 2023, lililofunguliwa na wakazi wa Uganda pamoja na asasi kadhaa, linadai fidia, na katika fidia ndimo swali la Roma II linapojitokeza.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa mkulima wa upande wa Tanzania anayedai Paris kwamba ameumizwa na mradi wa kampuni ya Ulaya. Jaji atapaswa kwanza kujua sheria ya Tanzania inasema nini kuhusu wajibu wa kampuni mama. Sheria ya Matumizi ya Sheria (Sura ya 358) iliingiza nchini sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi ya baadaye, kama lile la Vedanta la Mahakama ya Juu ya Uingereza la mwaka 2019, yana nguvu ya kushawishi tu. Jaji wa Kifaransa atalazimika kukisia iwapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ingeshawishika.

Lakini huenda asifike huko. Sheria ya Ukomo (Sura ya 89) inampa mdai wa madhara miaka mitatu. Kenya nayo ina muda huohuo. Kifungu cha 3 cha sheria ya Tanzania kinaiagiza mahakama kulitupa shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakuutumia ukomo katika utetezi wake, kwa hiyo makubaliano kama yale ya KiK yangekufa vilevile. Kifungu cha 14 kinairuhusu mahakama kuongeza muda wa rufaa na maombi, si wa shauri la madai lenyewe. Kinachobaki ni kifungu cha 44, ambacho kinampa Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, uwezo wa kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kawaida. Iwapo uwezo huo wa kiutawala unahesabika kuwa sehemu ya "kanuni za ukomo" zinazotajwa na Ibara ya 15(h), na iwapo amri iliyotiwa saini Dodoma itafuatwa na jaji aliyeko Paris, ni swali ambalo wakili wa mdai atapaswa kulijenga mwenyewe kuanzia msingi. Na hata akifanikiwa, mteja wake atakuwa na miaka minne na nusu, miezi sita pungufu ya ile mitano iliyoandikwa katika Agizo la 2024.