Siri Isiyofaa Kutunzwa

Wahenga walinena: vyaelea vimeundwa. Maneno ya mlaghai anayewarubuni watoto mtandaoni huundwa vivyo hivyo: kwanza sifa, kisha zawadi, hatimaye amri, "Usimwambie mtu." Amri hiyo ndiyo dalili kuu.

Sheria ya Watoto ya 2022 imeuharamisha urubuni huo nchini Kenya, lakini sheria haisikii minong'ono ya bwenini. Anayeisikia ni mwanafunzi mwenza. Ndiposa twahitaji waelimishaji rika shuleni. Wafunzwe kumsikiliza mwenzao bila kumlaumu, kumshauri ahifadhi ujumbe kama ushahidi bila kuusambaza, na kutoahidi kamwe kuficha siri. Mzigo huu si wa kijana kuubeba peke yake: amfikishe mwenziwe kwa mwalimu anayeaminika, au wapige simu 116.

Nasi walimu tujiulize: watakapotujia, watapata sikio au karipio?