Kipaji cha Mwana na Azma ya Mzazi

Katika watoto waliojaliwa akili nyingi na kulelewa kwa shinikizo la wazee wao, hapana ambaye habari zake zanifikirisha kama John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1806, ambaye baba yake, James Mill, alimwanzishia Kiyunani akiwa na miaka 3 na Kilatini akiwa na miaka 8, akamkataza likizo asije akaonja uvivu, akamtenga na watoto wa rika lake. Kwa upande wa elimu malezi yale yalifaulu, hata mwana mwenyewe akakiri baadaye kwamba yalimtanguliza robo karne mbele ya wenziwe. Lakini mwaka 1826, akiwa na miaka 20, alijiuliza kama angefurahi iwapo mambo yote aliyokuwa akiyapigania yangetimia, na jawabu alilolipata nafsini mwake likawa la. Jitimai ikamshika miezi mingi, wala hakumwendea baba yake, kwa kuwa alimwona ndiye mtu wa mwisho awezaye kuyafahamu maradhi ya namna ile. Katika yote, hili ndilo liniumalo zaidi. Tiba kubwa aliipata mwaka 1828 katika mashairi ya William Wordsworth, aliyoyafungua kwa udadisi wake mwenyewe.

László Polgár wa Hungaria naye aliazimu, kabla hajapata mtoto hata mmoja, kwamba atawalea wanawe wawe mabingwa. Walakini aliyeichagua sataranji ni binti yake mkubwa, Susan, ambaye, akitafuta kitu cha kuchezea, alizikuta kete nyumbani akataka afundishwe. Kitindamimba wao, Judit, aliipata daraja ya juu kabisa ya mchezo huo mwaka 1991, akiwa na miaka 15, mdogo kuliko yeyote aliyeipata kabla yake.

Sisemi mtoto aachiwe kila atakalo, kwani aghalabu hutaka kuacha pindi ugumu wa kwanza umkabilipo, na hapo mzazi hana budi kumshikilia. Bali hamu yenyewe haiamrishwi. Hapa kwetu, ambapo mtoto akiongoza darasa huandikiwa udaktari na kujazwa tuisheni hata Jumapili, ningewasihi wazee waiache japo alasiri moja ya juma bila somo, wakatazame mwana hushika kazi gani pasipo kutumwa. Na wakimkuta akifungua redio mbovu, wamtafutie bisibisi, na fundi mstahamilivu wa kumwelekeza.